Nataka kupunguza pombe, ila rika langu lote linakunywa

Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 37, mkazi wa Ololosokwan, wilaya ya Ngorongoro. Ni mfugaji, nina mke na watoto wanne. Kwa rika mimi ni Korianga. Tulipokuwa morani hatukugusa pombe, lakini sasa tunakunywa karibu kila siku, hasa zile pombe kali za chupa ndogo. Siku ya kawaida namaliza chupa moja. Siku ya mnada ni mbili au zaidi, maana huyu akinunua na yule naye anataka anunue.

Mwezi uliopita niliuza beberu wanne ili mtoto apate mahitaji ya kidato cha kwanza. Nilifika nyumbani usiku na hela ya beberu mmoja. Mke wangu hakusema kitu. Siku hizi haniulizi hela kabisa, na hilo linaniumiza kuliko angenigombeza.

Sitaki kuacha kabisa, nataka kupunguza tu. Nimejaribu, lakini asubuhi mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio mpaka nizimue kidogo. Nikikataa kunywa, wenzangu wanasema nimewadharau. Kuna mmoja wetu aliacha mwaka juzi. Tunamcheka kuwa amekuwa mlokole, nami nikimwona senta napita njia nyingine. Tangu malisho yapungue, wanaume tunashinda senta, hatuna pa kwenda. Nifanyeje nipunguze bila kupoteza rika langu?

Korianga, Ololosokwan

Mwanangu, umeandika mambo ambayo wanaume wengi huyanyamazia hadi yanawazika, na nakushukuru kwa hilo. Umeniuliza kuhusu rika. Nitafika huko, lakini naanza na mikono yako, kwa sababu hiyo haiwezi kusubiri.

Kutetemeka asubuhi na moyo kwenda mbio, kisha vyote vikatulia ukishazimua, ni alama kuwa mwili wako umeizoea pombe na sasa unaidai. Mtu aliyefika hapo asiache ghafla akiwa peke yake bomani. Dalili huanza kati ya saa 6 na saa 24 baada ya kinywaji cha mwisho: jasho, kichefuchefu, wasiwasi, usingizi kupotea. Kwa wengi huishia hapo. Kwa wengine, ndani ya siku mbili mtu huanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona na kusikia visivyokuwepo, mwili ukachemka. Hali hiyo huua. Wanaomzunguka husema amerogwa, wanaanza kutafuta mganga, na muda wa kumwokoa unapita.

Kwa hiyo safari yako ya kwanza ni hospitali ya Wasso. Usizuie pombe yote siku moja kabla hujaonana na daktari, na usinywe zaidi ukijiambia kwamba unaaga. Mweleze kiasi halisi unachokunywa, na umtajie hayo ya asubuhi bila kuyapunguza. Akiona inafaa, atakupa dawa ya kutuliza kwa siku chache, dozi ikishuka kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi hupungukiwa nayo na ubongo ukadhurika. Dawa hiyo ya kutuliza usijinunulie dukani, maana ikichanganywa na pombe inaweza kuzima pumzi usingizini. Mwombe pia akuangalie ini na shinikizo la damu, na kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi umwambie. Ulevi unadhoofisha kinga, na kifua kikuu hupata nafasi.

Yapo maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani ambayo mhudumu anaweza kukuuliza kwa dakika chache. Kabla hayajaanza kutumika yalijaribiwa katika nchi 6, na jirani zetu Kenya walikuwa mojawapo. Alama zake huishia 40. Kuanzia 8, unywaji unaanza kuhatarisha afya. Kuanzia 20, inawezekana pombe imekwisha kumtawala mtu. Swali la sita linauliza ni mara ngapi umehitaji pombe asubuhi ili uweze kuanza siku baada ya kunywa sana. Ni kule kuzimua kwako.

Sasa hilo la kupunguza tu. Nitakuwa mkweli kwako ingawa si jibu ulilolitaka. Kwa mtu ambaye bado hatetemeki, kupunguza kunawezekana, na kuna wasomaji wangu wengi wa namna hiyo: achague siku za wiki ambazo hagusi kabisa, ale kwanza, apange idadi kabla hajaketi na asiivuke. Lakini kwa aliyefika ulipofika wewe, chupa moja kwa kawaida huita ya pili, na kila asubuhi anaanza upya vita ileile. Ushauri wangu ni uache kabisa, kwa msaada wa daktari, walau kwa mwaka mzima. Tazama hesabu yenyewe. Chupa ya mililita 200 ya pombe kali yenye kilevi cha asilimia 35 ina takriban gramu 55 za kilevi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20. Kila chupa ndogo unayoiita moja inakaribia bia tatu, na siku ya mnada unafikia bia sita hivi, pengine kabla hujala kitu. Udogo wa chupa unadanganya macho. Serikali ilipiga marufuku viroba vya plastiki kuanzia Machi 1, 2017, tukashangilia. Pombe kali bado inaingia mfukoni, sasa kwa chupa.

Na hayo usiyaite mila. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mlipokuwa morani hamkugusa pombe. Hilo ndilo lililokuwa agizo la wazee wenu. Pombe ya asali ilikuwa ya wazee na ya sherehe. Asali na maji vikaunganishwa na mizizi ya osuguroi, chombo kikawekwa karibu na moto kwa siku kadhaa, na iliponywewa palikuwa na sababu inayojulikana na kila mtu: tohara, ndoa, upatanisho, baraka. Wala baraka haikosi kwa kukosa pombe, maziwa nayo hubariki. Kunywa Jumanne saa nne asubuhi nyuma ya duka, bila sherehe na bila mzee wa kusema basi, hakukutoka kwa babu zako. Atakayekuambia umewadharau wenzako kwa kukataa chupa, mkumbushe Korianga walikuwa watu gani walipokuwa na miaka 20.

Nije kwa yule mwenzako unayemkwepa. Katika barua yako yote, yeye ndiye mtu muhimu kuliko wote baada ya mke wako. Unapita njia nyingine kwa sababu ukimtazama unajiona unavyoweza kuwa, na inauma. Mtafute wiki hii. Usimwendee senta mbele za watu. Nenda bomani kwake jioni, mifugo ikisharudi, umwombe msamaha kwa kumcheka, halafu umwambie kuhusu mikono inayotetemeka. Nina hakika anaijua hali hiyo kuliko mimi. Mwulize siku za kwanza alizipitaje na usiku alikuwa analalaje. Mwombe akusindikize Wasso. Hata kama kilichomsaidia ni kanisa na wewe huna mpango wa kulokoka, hilo lisikuzuie. Humfuati kwa ajili ya dini yake, unamfuata kwa sababu ameipita njia hii na yuko hai.

Mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, mfanyabiashara wa hisa Bill Wilson alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache. Biashara yake ikamwendea vibaya, akajikuta hotelini karibu na baa, hamu imempanda. Aliona njia pekee ni kumpata mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapiga simu huku na huku hadi akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Wakaongea kwa saa nyingi. Kutokana na wale wawili kikaanza chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi duniani kote. Hakikuanza na jengo wala fedha. Walianza watu wawili wasiofichana, na wawili tayari mpo Ololosokwan.

Mkiwa wawili, wa tatu atakuja, tena haraka kuliko unavyofikiri. Katika hao mnaonunuliana, wapo wanaotamani kuacha na kila mmoja anamwogopa mwenzake. Rika lenu lina nguvu ambayo mtu wa mjini hana: mnaitikiana, mnachangiana ng'ombe, mnatozana faini, na neno la wengi likipita hakuna anayelivunja kirahisi. Mtakapofika wanne au watano, mwendeeni laigwanani wenu, kiongozi wa rika, mumwombe alipeleke jambo hili kwenye kikao cha rika. Siyo kuwakataza watu wazima kunywa. Ombeni jambo moja dogo: kwamba mtu akisema hanywi, asilazimishwe, asichekwe, na asinunuliwe kwa nguvu. Kwa rika linaloheshimiana, hilo linawezekana.

Mnada ndipo penye hatari yako kubwa, kwa sababu hapo hela, njaa na marafiki vinakutana kwa wakati mmoja. Nenda umekula. Nenda na mwenzako asiyekunywa. Mkisha kuuza, ondokeni, hata kama ni saa sita mchana na nyama ndiyo kwanza inageuzwa motoni. Fedha iingie kwenye simu, na kabla hujatoka uwanjani itume kwa mke wako, ubaki na nauli na ya chakula. Hapo najua utasita, kwamba mwanaume hashikiwi hela. Mwanangu, hela ya beberu watatu imeshashikwa na mwenye duka. Huko Loliondo, Baraza la Wanawake wa Jamii ya Wafugaji lipo tangu 1997, na kazi yake mojawapo ni kuwaunganisha akina mama kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA. Kama mke wako yuko kwenye kikundi, pale pana mahali salama pa kuiweka fedha ya shule.

Ukiletewa chupa, usitoe maelezo marefu. "Daktari amenizuia" inatosha, na ukishafika Wasso haitakuwa uongo. Shika chai au soda mkononi, maana mkono mtupu hukaribisha chupa.

Kuhusu kushinda senta, hapo sikulaumu. Juni 2022 eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,500 Loliondo liliwekewa mipaka na mifugo ikazuiwa kuingia, na najua kwa mfugaji hilo siyo habari ya gazetini. Mwanaume aliyezoea kutembea na ng'ombe kutwa akibaki hana pa kuwapeleka, jua la saa nane linakuwa refu mno. Wengine wanakunywa huzuni, wanaiita starehe. Yaseme hayo kwa mwenzako, na kwa daktari pia, kwa sababu huzuni ya muda mrefu ina matibabu. Kisha zijaze zile saa ambazo kwa kawaida unanunuliwa. Mpeleke mtoto wako mdogo kunywesha ndama. Vijana wa kijiji wana mpira, wanahitaji mtu mzima wa kuwasimamia. Ondoka senta kabla giza halijaingia: mnapakana na Serengeti, na mlevi anayerudi usiku kwa miguu hakai mbali na nyati na tembo.

Na mnayo orpul. Wanaume wanaokwenda porini na ng'ombe wao, wakala nyama, wakanywa supu ya mizizi na magome ya miti, wakalala mapema na kuongea bila haraka, wana kitu ambacho watu wa mataifa mengine hulipia fedha nyingi. Ninyi wanne mnaoacha mkaenda orpul pamoja, mtarudi mmeshikamana. Ila usiende katika majuma ya kwanza, kabla daktari hajakuruhusu, kwa sababu huko ni mbali na msaada. Wala usiifanye ile mizizi kuwa badala ya dawa aliyokuandikia.

Usingizi utakusumbua kwa wiki kadhaa, na utakuwa na hasira za ovyo. Waambie nyumbani mapema. Kunywa maziwa na maji ya kutosha, kula hata kama hamu haipo. Ukianguka siku moja, mwambie mwenzako siku hiyohiyo, kabla hujaanza kuficha, na ile kutetemeka ikirudi, rudini hospitali.

Mke wako anajua hesabu ya beberu wale wanne, kwa hiyo usijitetee. Mwambie umeandika barua hii, na kwamba unakwenda Wasso na nani. Ahadi za kuacha pombe amezisikia nyingi, ndiyo maana kanyamaza. Usimpe nyingine. Mpe tarehe ya safari, na ukirudi mwoneshe karatasi ya hospitali. Kuuliza hela ataanza tena mwenyewe siku atakapoona kuna cha kuuliza, na inaweza kuchukua miezi.

Nenda kabla ya mnada ujao. Ukitoka Wasso niandikie tena, uniambie daktari amesema nini, na yule mwenzako alikupokeaje.

Shangazi