Mkosaji ahukumiwe kwa kosa lake, si kwa asili yake

Julai 2013, akiwa ziarani mkoani Kagera, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke nchini, na wenye silaha wazisalimishe. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Kero ilikuwa ya kweli, kwani ujambazi wa silaha ulikuwa umewachosha wananchi. Lakini katika Karagwe na Kyerwa, walioondoka hawakuwa majambazi peke yao. Walikuwemo wazee waliokimbia Rwanda tangu 1959, wakaoa na kuolewa huku, pamoja na watoto wao waliozaliwa hapa.

Sheria inasemaje kuhusu mkazi aliyetiwa hatiani kwa jinai? Hapa watu ni wa mafungu matatu.

Kwanza, raia wa kuzaliwa. Huyu hata akifungwa mara kumi hafukuzwi. Gereza lake liko hapa hapa.

Pili, raia wa tajnisi. Waziri anaweza kumvua uraia kwa sababu zilizotajwa katika Sheria ya Uraia ya 1995. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza uraia kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda. Aliye na hati ile, au aliyeirithi kwa mzazi, aitunze kama hati ya shamba.

Tatu, mgeni mkazi, hata kama kibali chake kina miaka thelathini. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 inampiga marufuku mtu aliyehukumiwa kifungo cha muda wowote, iwapo ofisa uhamiaji ataona, kwa mazingira ya kosa lile, kuwa hafai. Si lazima makosa yawe mengi. Moja laweza kutosha, na yakirudiwa mtu hubaki bila mtetezi. Anayekiri kosa la ugomvi wa sokoni "ili yaishe" huenda hajui mlango anaoufungua.

Ugumu uko katika kujua nani ni nani. Vijijini wengi wamezaliwa nyumbani, hawana cheti. Mtu akikamatwa hushitakiwa kwa kuwepo nchini isivyo halali, na hukumu hiyo yenyewe ndiyo hugeuzwa ushahidi kwamba yeye ni mgeni. Katika shauri la Penessis, mlalamikaji alikamatwa mkoani Kagera Januari 2010, akatiwa hatiani kwa kosa hilo, kisha akashikiliwa miaka mingi gereza la Butimba, Mwanza. Novemba 28, 2019, Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua kuwa haki yake ya uraia na ya uhuru ilivunjwa, ikaamuru aachiwe. Msingi wake ni huu: mtu akishaleta ushahidi wa awali wa uraia wake, ni juu ya serikali kuthibitisha kuwa si raia.

Msomaji wa mjini usiseme hayo ni ya mpakani. Wangazija, Wasomali na wenye asili ya Yemen wanajua uzito wa swali, "Babu yako alizaliwa wapi?"

Uislamu haumtetei jambazi. Lakini Qur'an (6:164) imekataza kumbebesha mtu mzigo wa mwenzake, na (4:135) imetuamrisha uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Basi tufanye yaliyo mikononi mwetu. Tuchukue vyeti vya kuzaliwa vya watoto wetu RITA. Tusikiri kosa tusilolielewa kabla ya kumwona mwanasheria. Tusinunue karatasi za kughushi, maana hizo ni kosa jingine. Na misikiti iandike vizuri kumbukumbu za ndoa na aqiqa, kwani huenda siku moja zikawa shahidi wa yatima.

Wallahu a'lam.