Sola ya Maji Moto: Iiname Nyuzi Ngapi?

Desemba moja nikiwa likizo nyumbani Njombe, baba alinunua sola ya kupashia maji. Si ile ya umeme. Hii ni sanduku bapa lenye kioo juu na mabomba meusi ndani, na tangi lake hukaa juu zaidi. Fundi alifuata mchoro uliokuja kwenye boksi: itazame kusini, iiname nyuzi 30. Maji yakatoka ya moto kweli, bibi akafurahi. Julai ilipofika na baridi yake, maji yakawa vuguvugu. Bibi akarudi kwenye kuni, na baba akasema ameuziwa feki.

Sola ilikuwa nzima. Mchoro ndio ulikuwa wa watu wa Ulaya, ambao jua lao la mchana huwa kusini mwaka mzima. Kwetu jua hubadili upande. Njombe iko kama nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Tarehe 21 Juni jua liko juu ya Tropiki ya Kansa, nyuzi 23.4 kaskazini mwa Ikweta. Ukijumlisha, jua letu la mchana huwa limeegemea kaskazini nyuzi 32 hivi kutoka utosini. Desemba huegemea kusini, lakini nyuzi 14 tu.

Sola hupokea zaidi mionzi inapoipiga wima. Ile yetu ya kutazama kusini ilipishana na jua la mchana wa Desemba kwa nyuzi 16, ikapata kama asilimia 96 ya mionzi ya moja kwa moja. Juni ilipishana nalo kwa nyuzi 62, ikapata asilimia 46. Ndiyo maana tulidanganyika: tuliijaribu katika mwezi uliokuwa ukiificha kasoro.

Kanuni inayorudiwa sana ni kuinamisha sola kwa nyuzi zilezile za latitudo. Kwetu zingekuwa 9. Ni kanuni nzuri kwa anayetafuta jumla ya mwaka, ila hakuna anayeoga jumla ya mwaka. Aristotle alitufundisha kuuliza kitu ni kwa ajili ya nini, na sola ya bibi ni kwa ajili ya Juni hadi Agosti. Kwa hiyo ongeza nyuzi 15 juu ya latitudo: 24, ikitazama kaskazini. Juni itapata asilimia 99. Desemba itashuka hadi 78, lakini wakati huo maji ya bomba si ya baridi kali. Na siku za mawingu mazito pembe haina uzito mkubwa, maana mwanga hutoka kila upande.

Aliye Bukoba, nyuzi 1 na kidogo kusini, asije akailaza kabisa. Katika sola hizi zisizo na pampu maji ya moto hupanda yenyewe na ya baridi hushuka; ikilala mno, mzunguko hudhoofika, na vumbi hukaa juu ya kioo. Chini ya nyuzi 10 mimi nisingeshuka.

Kupima si kazi. Kwa nyuzi 24, kila sentimita 100 za usawa, inua upande wa juu sentimita 44 au 45. Usawa huo upime kwa timazi ya maji, si kwa kulifuata paa, kwani paa lina mwinamo wake. Kaskazini itafute kwa kijiti: Juni, kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote huelekea kusini, kaskazini ni upande wa pili. Usitegemee saa sita kamili. Njombe hutokea kama saa sita na dakika arobaini.

Tuliigeuza Julai hiyohiyo, mimi na baba, tukainua na tangi ili libaki juu ya sola. Kesho yake jioni bibi alitumbukiza mkono kwenye beseni, akautoa haraka, akaomba aletewe maji ya baridi ya kuchanganyia.