Kujenga Nyumba kwa Mkopo Bila Kupoteza Shamba: Somo kwa Wakazi wa Maeneo ya Chai

Bonasi ya chai inapolipwa, familia nyingi za Bureti, Belgut, Ainamoi na majirani zao wa Konoin, Kaunti ya Bomet, huwa na mipango miwili mikubwa: karo ya watoto na nyumba. Wengi wao hawatafuti ploti ya kununua, kwani shamba la familia lipo. Wanachokosa ni pesa za kusimamisha nyumba ya kudumu juu ya shamba hilo.

Njia za kupata pesa hizo zimeongezeka katika miaka ya karibuni. Lakini mkopo unaomfaa mwajiriwa wa mjini unaweza kumfilisi mkulima wa chai, hata kama riba ni ile ile. Kabla ya kuuliza riba ni asilimia ngapi, mkopaji anafaa kujiuliza maswali mawili: pesa zake huingia lini, na anaweka nini dhamana? Somo hili linaeleza jinsi ya kuyajibu maswali hayo.

Hesabu huanzia kwenye kituo cha majani

Mkulima anayepeleka majani kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, kama vile Litein, Momul, Kapkoros au Mogogosiek, hulipwa mara mbili. Kuna malipo ya kila mwezi kulingana na kilo alizopeleka, na kuna bonasi inayofuata baada ya mwaka wa fedha wa KTDA kufungwa mwezi Juni. Malipo ya mwezi ni madogo lakini yanatabirika. Bonasi ni kubwa lakini hupanda na kushuka. Mwaka 2025 wakulima wengi wa Kericho na Bomet walilipwa bonasi ndogo kuliko ya mwaka uliotangulia, na ndogo kuliko ya wenzao wa maeneo ya Mlima Kenya. Aliyekuwa amekopa akitegemea bonasi ya mwaka uliopita alijikuta pabaya.

Tuchukue mfano. Mkulima anapeleka wastani wa kilo 500 za majani kwa mwezi na kulipwa shilingi 25 kwa kilo. Hizo ni shilingi 12,500 kabla ya makato ya mbolea na mengineyo. Kwa mwaka amepeleka kilo 6,000. Bonasi ikiwa shilingi 30 kwa kilo, atapata 180,000. Ikishuka hadi shilingi 15, atapata 90,000.

Mkulima huyu akikopa shilingi 500,000 kwa miaka mitatu, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayohesabiwa kwa deni lililobaki, atatakiwa kulipa takriban shilingi 16,600 kila mwezi. Hiyo inazidi malipo yake yote ya mwezi. Mkopo huo si wake, hata kama mkopeshaji yuko tayari kumpa.

Sasa tuseme baada ya chakula, vibarua na mahitaji ya nyumbani, familia hii inaweza kutenga shilingi 5,000 kwa mwezi bila kugusa bonasi. Kwa riba hiyo hiyo na muda huo huo, kiasi wanachoweza kubeba ni kama shilingi 150,000. Wakitenga pia nusu ya bonasi ya mwaka mbaya, yaani 45,000, kwa miaka mitatu watakuwa na 135,000 zaidi. Jumla ni shilingi 285,000 za ujenzi katika miaka mitatu, na deni limekwisha. Pesa hizo zinaweza zisimalize nyumba, lakini zinaweza kukamilisha hatua moja au mbili: msingi, kuta au paa. Hatua inayofuata itapata mkopo wake.

Kanuni yake ni hii: awamu ya kila mwezi itoke kwa malipo ya mwezi, nayo bonasi itumike kusukuma ujenzi mbele au kupunguza deni. Bonasi isiwe nguzo ya kushikilia mkopo.

Njia zilizopo

Sacco. Kwa wengi, hapa ndipo pa kuanzia. Mwanachama huweka akiba, kisha hukopeshwa mara kadhaa ya akiba yake, mara nyingi hadi mara tatu, akidhaminiwa na wanachama wenzake. Mkopo wa namna hii kwa kawaida hauhitaji hatimiliki, na hapo ndipo penye faida kubwa. Malipo yanaweza kukatwa moja kwa moja kwenye mshahara au malipo ya majani. Ubaya wake ni kwamba mkopaji akishindwa, wadhamini hulipa. Anayeombwa kumdhamini jirani ajue kwamba anaiweka akiba yake mwenyewe hatarini. Sacco zinazopokea amana husimamiwa na mamlaka ya SASRA, na mwanachama ana haki ya kuuliza kama Sacco yake ina leseni.

Mikopo midogo ya nyumba. Zipo taasisi za mikopo midogo zinazokopesha kwa ajili ya kujenga hatua kwa hatua au kuboresha nyumba, kama vile kubadilisha paa, kuweka sakafu, choo au tangi la maji. KWFT, benki ya mikopo midogo iliyoanza kwa kuwahudumia wanawake, imekuwa na mkopo wa aina hii. Greenland Fedha, kampuni tanzu ya KTDA, hukopesha wakulima wa chai. Mikopo hii hutolewa haraka kuliko ya benki kubwa, lakini riba na ada zake zinafaa kulinganishwa kwa makini.

Mkopo wa nyumba wa muda mrefu. Mikopo ya nyumba ya kawaida ya benki ni michache mno nchini. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa takriban 30,000 Kenya nzima, na wastani wa mkopo mmoja ulikuwa zaidi ya shilingi milioni 9. Ili kuifikisha kwa watu wa kipato cha chini na cha kati, serikali na taasisi za fedha zilianzisha kampuni ya KMRC, iliyopata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020. KMRC haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Huzikopesha benki na Sacco kwa riba nafuu, nazo humkopesha mteja kwa riba isiyofika asilimia 10 na kwa muda mrefu. Imarisha, Sacco iliyoanzishwa na walimu wa Kipsigis na yenye makao yake Kericho, ni mmoja wa wanahisa wa KMRC. Mkopo huu humfaa zaidi mwenye mapato yanayoonekana kwenye hati kila mwezi, kama vile mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa kiwanda au mfanyabiashara anayeweka rekodi. Unahitaji hatimiliki, na una gharama za mwanzo: mthamini, wakili, bima na usajili.

Akiba ya uzeeni. Mfanyakazi anayeishi katika nyumba ya kampuni kwenye shamba kubwa la chai ataiacha nyumba hiyo siku atakapostaafu. Ikiwa ni mwanachama wa mpango wa pensheni, sheria inaruhusu sehemu ya akiba yake isaidie kupata nyumba. Inaweza kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba hadi asilimia 60 ya akiba hiyo. Kanuni za mwaka 2020 zinaruhusu pia hadi asilimia 40, isiyozidi shilingi milioni 7, itumike kununulia nyumba ya kuishi. Wadhamini wa mpango ndio wenye maelezo kamili, na ni vizuri kuwauliza miaka mingi kabla ya kustaafu.

Mpango wa nyumba nafuu. Sheria ya Nyumba Nafuu ya mwaka 2024 ndiyo inayomkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara, huku mwajiri akiongeza kiasi kama hicho. Anayetaka nyumba katika miradi hiyo hujiandikisha kupitia Boma Yangu na kuweka akiba ya malipo ya kwanza. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi huangukia kundi la nyumba za kijamii. Sheria hiyo inataja pia nyumba nafuu za mashambani, kwa hivyo mkazi wa kijijini asidhani kwamba inawahusu watu wa mjini pekee. Afike Kituo cha Huduma aulize ni mikopo gani iliyofunguliwa kwa sasa.

Mikopo ya simu, ikiwemo ile ya mtu binafsi ya Hustler Fund inayolipwa kwa siku 14, haijengi nyumba. Kuitumia kulipia saruji ni kutafuta deni la pili kabla ya la kwanza kuisha.

Riba moja, hesabu mbili

Wakopeshaji wawili wanaweza kutangaza asilimia 12 kwa mwaka, na bado mmoja akawa ghali kuliko mwingine. Kwa shilingi 500,000 za miaka mitatu, riba inayohesabiwa kwa deni lililobaki humfanya mkopaji alipe takriban shilingi 98,000 zaidi ya alichokopa. Riba inayohesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, bila kujali alicholipa, humgharimu shilingi 180,000. Tofauti ya shilingi 82,000 inaweza kununua mabati. Njia rahisi ya kukwepa mtego huu ni kuomba jibu kwa maandishi: nikikopa kiasi hiki, nitakuwa nimelipa jumla ya shilingi ngapi, pamoja na ada zote, siku ya mwisho?

Hatimiliki: yatengenezwe mapema

Mashamba mengi bado yamesajiliwa kwa jina la babu au baba aliyefariki. Hati ya namna hiyo haiwezi kuwekwa rehani hadi mirathi ikamilike mahakamani. Familia huanza kwa barua ya chifu inayowataja warithi, kisha huomba usimamizi wa mali. Kwa kawaida hupita miezi 6 baada ya kutolewa kwa hati ya usimamizi kabla mahakama haijaithibitisha. Anayepanga kujenga miaka miwili ijayo anafaa kuanza mwaka huu.

Ardhi ya kilimo pia iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi. Kuuza, kugawanya au kuweka rehani ardhi hiyo kunahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ya eneo, na maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano kufanywa. Bila kibali, makubaliano ni batili.

Ikiwa familia inaishi kwenye shamba hilo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka mume au mke aidhinishe rehani. Sahihi hiyo isichukuliwe kama kawaida ya karatasi tu. Inampa mwenzi nafasi ya kuuliza maswali na kukataa.

Mwenye ekari tatu chini ya hati moja anaweza kufikiria kukata kipande cha boma kipate hati yake, kwa kumtumia mpimaji aliyesajiliwa na kwa kibali cha Bodi. Mkopo ukihitaji dhamana, kipande hicho kidogo ndicho kitakachowekwa. Mambo yakienda vibaya, michai inayoilisha familia itabaki.

Mambo yakiharibika

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hata hivyo, kushindwa kulipa mwezi mmoja hakumaanishi kwamba shamba limekwenda. Kwa mkopo wenye rehani, sheria inamtaka mkopeshaji kumpa mkopaji notisi ya angalau miezi mitatu ya kurekebisha mambo, kisha notisi nyingine ya angalau siku 40 kabla ya kuuza. Pia anatakiwa kutafuta bei nzuri inayowezekana, kwa kufanya uthamini kabla ya mauzo. Kosa kubwa ni kuzificha barua hizo kabatini. Mkopaji aende kwa mkopeshaji mara tu anapoona majani yamepungua au bonasi imeshuka, aombe muda urefushwe na awamu ipunguzwe. Ombi kama hilo ni rahisi kukubaliwa kabla ya notisi kuliko baada yake.

Na deni likiisha, kazi moja hubaki. Mkopaji ahakikishe rehani imeondolewa katika ofisi ya ardhi na hati imerudi mkononi. Wapo wanaomaliza kulipa wakasahau hatua hii, na watoto wao wakaikuta rehani bado imeandikwa kwenye daftari la ardhi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

1. Je, awamu ya mwezi inaweza kulipwa kwa malipo ya majani au mshahara pekee, bila bonasi?
2. Riba inahesabiwa kwa deni lililobaki au kwa mkopo wote?
3. Jumla nitakayolipa, pamoja na ada na bima, ni shilingi ngapi?
4. Riba inaweza kupandishwa katikati ya mkopo?
5. Nikipata bonasi nzuri, naweza kupunguza deni mapema bila faini?
6. Dhamana ni nini, na nani mwingine ataumia nikishindwa?
7. Mke au mume wangu amesomewa masharti haya kwa lugha anayoielewa?

Mkopeshaji asiyeweza kujibu maswali haya saba kwa maandishi hafai kuachiwa hatimiliki. Mkazi anaweza kubeba nakala ya mkataba nyumbani, kuusoma na familia kwa siku kadhaa, na kumwonyesha wakili kabla ya kutia sahihi. Nyumba inaweza kuchelewa mwaka mmoja au miwili, lakini shamba likishauzwa kwa mnada ni vigumu kulirudisha.