Dondoo muhimu: Usimwachie mkusanya taka faili lako

Katika CPython, Python inayotumiwa na wengi, faili lililosahauliwa mara nyingi hufungwa papo hapo. Mfumo huhesabu marejeleo ya kila kitu. Yakifika sifuri, kitu huondolewa.

Programu hiyohiyo ikiendeshwa kwa PyPy, Python ya aina nyingine, kazi hiyo hufanywa na mkusanya taka, anayeondoa vitu visivyotumika tena, naye hupita kwa wakati wake. Faili hubaki wazi, na mistari ya mwisho iliyoandikwa huenda isionekane diskini kwa muda. Kwenye Linux, kikomo cha kawaida ni mafaili 1024 kwa programu moja, na kitanzi kirefu kinachofungua mafaili hukifikia upesi.

Dawa ilikuja mwaka 2006 na Python 2.5: neno with, linalofunga faili hata kosa likitokea katikati. Hakuna sababu ya kulikwepa.

Anayetaka kuyanasa mafaili yaliyoachwa wazi aendeshe programu kwa python -X dev, kisha asome kila onyo la ResourceWarning.