SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KOMPYUTA KUUKUU NA MFUMO MWEPESI



Somo hili limekusudiwa makatibu, watunza hesabu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi. Yafaa lisomwe kwa sauti katika kikao, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kabla ya kupitisha uamuzi wowote.

1. Shida yenyewe

Tuchukue mfano wa chama cha wakulima wa kahawa. Ofisini mwake imo kompyuta moja yenye umri wa miaka kumi na mitatu. Ndani yake mna daftari la wanachama, kilo alizopima kila mmoja, malipo ya awali aliyokwisha kupokea na malipo ya pili anayoyangojea. Katibu huiwasha asubuhi, akaenda kufungua ghala, akarudi na kuikuta bado inajitayarisha. Mkulima aliyetoka mbali kuja kuuliza hesabu yake huambiwa angoje.

Zaidi ya hayo, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mashine isiyopata marekebisho ya usalama ni kama ghala lenye kufuli bovu. Windows 11 nayo hudai kifaa maalumu cha usalama ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina, na prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazikubaliwi.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kununua mashine mpya. Lakini fedha hizo hazitoki pengine ila katika makato ya kilo za wanachama. Kwa hiyo bodi ina wajibu wa kuuliza kwanza: je, iliyopo haiwezi kufanya kazi tena?

2. Mfumo wa uendeshaji ni nini?

Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayosimamia vifaa vya kompyuta na kuzigawia programu nyingine nafasi ya kufanyia kazi. Tufikirie ofisi ya chama. Diski ni kabati la majalada. Kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM, ni meza. Mfumo mzito huitandaza meza nzima kwa karatasi zake wenyewe. Mtunza hesabu akitaka kufungua daftari hana pa kuliweka, naye hulazimika kwenda na kurudi kabatini kila mara. Huo ndio ucheleweshaji tunaouona. Mfumo mwepesi huchukua pembe ndogo ya meza na kumwachia mtunza hesabu sehemu iliyobaki.

Mifumo mingi ya namna hii imejengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Mifumo tutakayoitaja hapa haidai ada ya leseni. Wala jambo hili si geni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

3. Pima mashine kwanza, jina baadaye

Kosa la kawaida ni kuchagua mfumo kwa kusikia sifa zake. Hapana budi kuanza na vipimo viwili: ukubwa wa RAM, na kama prosesa ni ya biti 32 au 64.

(a) RAM ya gigabaiti 4 na prosesa ya biti 64: Linux Mint yenye sura ya Xfce yafaa. Toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, linaahidiwa marekebisho hadi mwaka 2029.

(b) RAM ya gigabaiti 2 na biti 64: Lubuntu, au Debian yenye sura ya LXQt.

(c) RAM ya gigabaiti 1 au pungufu, au prosesa ya biti 32: antiX au Puppy Linux. Hapa pana tahadhari. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Mashine za aina hii zinaachwa nyuma, na chama kisizitegemee kwa miaka mingi.

Lakini tusidanganyane. Mfumo mwepesi haupunguzi uzito wa kivinjari cha intaneti. Kurasa za siku hizi hula RAM vilevile, mfumo uwe mwepesi au mzito. Kama kazi kubwa ya ofisi hufanywa kwa intaneti, aghalabu faida kubwa zaidi hupatikana kwa kuongeza RAM na kuweka diski ya SSD badala ya ile ya zamani inayozunguka. Chama cha mfano wetu, kikiwa na gigabaiti 2, kingefanya vyema kuongeza zifike 4, kisha kuchagua (a).

4. Hatua za kufuata

Kwanza, nakili kumbukumbu zote mahali pawili tofauti, na mahali pamoja pawe nje ya ofisi. Fungua nakala hizo katika kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka. Kusakinisha mfumo mpya huweza kufuta diski yote, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, orodhesha kazi zote za ofisi. LibreOffice hufungua majedwali ya Excel na barua za Word, ingawa majedwali yenye amri za kujiendesha huenda yakakataa. Programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows pekee huenda isifanye kazi kabisa. Ikiwa chama hakiwezi kuiacha, basi kisibadili mfumo.

Tatu, jaribu mfumo kutoka kwenye flashi bila kuusakinisha. Fungua daftari halisi, chapa stakabadhi moja kwa printa ya ofisi, ingia katika mtandao. Kisichofanya kazi siku ya majaribio hakitafanya kazi siku ya malipo.

Nne, badilisha baada ya msimu kufungwa, kamwe si wakati wa mizani. Watu wawili wafundishwe, si katibu peke yake, na nywila ihifadhiwe kwa utaratibu ulioandikwa katika kumbukumbu za kikao.

5. Hitimisho

Kompyuta ya chama ni mali ya kila aliyebeba gunia hadi mizani. Mashine ikifa kabisa, inunuliwe nyingine. Lakini isitupwe kwa sababu tu hapana aliyeipima.

Maswali ya majadiliano

1. Kompyuta ya chama chetu ina RAM kiasi gani, na prosesa yake ni ya biti ngapi?
2. Ikiharibika usiku wa leo, daftari la wanachama litapatikana wapi kesho?
3. Ni kazi zipi ofisini ambazo haziwezi kufanyika bila Windows?
4. Ni nani, mbali na katibu, awezaye kumwonyesha mwanachama hesabu yake?