Kabla Hujaipigia Kaunsili Simu

Wadogo zangu mlioko England, wengi wenu mmeyaona matangazo ya kaunsili kwenye mabasi na zahanati: tunatafuta walezi wa kambo. Nanyi mnaniuliza, dada, mtu kama mimi nitakubaliwa? Sina mume, nyumba ni ya kupanga, na nikifungua mdomo tu wanajua natoka Mombasa.

Omba. Ndoa si sharti, wala kumiliki nyumba. Kaunsili nyingi hutaka uwe umefikisha miaka 21, uwe na chumba cha mtoto, na afya yako ikuruhusu. Kibali chako cha kuishi nchini kitaje mwanzoni kabisa, usije ukapoteza miezi. Basi, hayo yametosha. Ninalotaka mlipime kwa makini zaidi ni kama kaunsili hiyo nayo inawafaa ninyi.

Haja waliyo nayo ni kubwa. Machi 2024 watoto walio mikononi mwa kaunsili za England walipita 83,000, na kama thuluthi mbili yao walikuwa kwa walezi wa kambo. Mwenye haja hukukaribisha vizuri. Lakini walezi wanaoacha, sababu wanayoirudia sana ni kwamba mtoto akishaingia ndani, msaada hauonekani. Kwa hiyo uliza mapema, uulize bila haya.

Uliza: mtoto wa miaka 14 akitoka saa nane usiku asirudi, simu yangu ataipokea nani? Ni mtu anayeijua kazi ya ulezi, au ni dawati la dharura linalohudumia wilaya nzima? Utapewa afisa ustawi wako mwenyewe, mbali na yule wa mtoto. Uliza ana familia ngapi mkononi, na walezi waliotangulia wamebadilishiwa maafisa mara ngapi. Kisha omba kuzungumza na mlezi mmoja wao, afisa asiwepo. Wakikunyima hilo, umeshapata jibu.

Uliza pia kama wana mpango wa Mockingbird. Ulianzia Marekani, na shirika la The Fostering Network limekuwa likiusimamia Uingereza tangu 2015. Mlezi mmoja mzoefu huwa kitovu cha familia sita mpaka kumi. Hukutana, huelewana, na mtoto akikuelemea kuna nyumba anayoijua ya kulala siku mbili tatu. Ni kama mtaa wetu wa zamani, mtoto alipokuwa akijua mlango wa pili atapata sahani. Mimi, nikilazimika kuchagua kati ya kaunsili inayolipa zaidi kidogo na yenye mpango huu, naenda kwenye mpango.

Pesa tusizifiche. Posho ya kila wiki ni ya mtoto: chakula, nguo, nauli. Serikali hutangaza kiwango cha chini kila mwaka kulingana na umri na eneo. Malipo ya kazi yako ni kitu kingine, na kila kaunsili ina utaratibu wake. Yatake kwa maandishi, pamoja na jibu la swali hili: chumba kikikaa kitupu miezi miwili, nitalipwa nini? Kuhusu kodi, utajiandikisha kama aliyejiajiri, ila msamaha ni mkubwa. Aprili 2023 ulipandishwa kutoka pauni 10,000 hadi 18,140 kwa kaya kwa mwaka, ukiongezewa kiasi kwa kila wiki ya kila mtoto.

Sasa mambo ya ndani. Kumpiga mtoto ni marufuku, hata kofi dogo. Kama ndivyo ulivyolelewa na bado unaona ni sawa, liseme kwenye mafunzo, wakusaidie kabla hujapewa mtoto. Mtoto si wako. Atakwenda kuonana na mama yake, arudi amenuna, pengine alale bila kula. Usimseme vibaya mama huyo, kwa lolote. Mtoto Mkristo akija kwenye nyumba ya Waislamu, Jumapili unampeleka kanisani, na wa kwetu akiwa kwa Wakristo naye ana haki ya chakula chake na swala yake. Pata maandishi ya nani anayeruhusu nini: kunyoa nywele, kulala kwa rafiki, safari ya shule. Na kila jioni andika yaliyotokea. Siku ukituhumiwa, na walezi wazuri pia hutuhumiwa, daftari hilo litakutetea.

Kuna wengine wenu mnalea tayari bila kaunsili kujua. Mtoto aliye chini ya miaka 16 akikaa kwako siku 28 au zaidi, nawe si bibi yake, dada yake, shangazi au mama mdogo wa damu au wa ndoa, sheria inataka kaunsili iarifiwe, wiki sita kabla kama mpango unajulikana. Binti wa binamu yako yumo humo, hata kama nyumbani anakuita mama mkubwa. Piga simu. Watakuja kuangalia kama mtoto yu salama, na wewe utapata wa kumuuliza kuhusu shule na daktari.

Turudi kwa mnaotaka kuomba. Uchunguzi wa kaunsili kabla ya kukukubali huchukua miezi kadhaa. Watauliza utoto wako, ndoa iliyovunjika, madeni. Ukweli wa zamani unasameheka zaidi kuliko uongo wa leo. Wataongea pia na watoto wako wa kuzaa, ndiyo maana nasema anza nao wewe. Kijana wako akisema hataki kugawana nyumba na mtu asiyemjua, usimjibu kwa kumkumbusha thawabu. Muulize anaogopa kupoteza nini, na kama ni kitanda, ni wakati wako au ni utulivu wa mitihani, mpange pamoja kabla ya kujaza fomu.