Hidaya kwa Mgonjwa Aliye Mbali

Tumeulizwa: bibi wa Mombasa ampelekee nini shoga yake wa Kosele, karibu na Oyugis, aliyekatwa titi kwa saratani?

Twajibu: asipeleke kanzu ya kuvaliwa kichwani. Mkono wa upande uliopasuliwa hauinuki vyema kwa majuma kadhaa. Basi na amshonee nguo pana ya pamba, yenye vifungo mbele, na kimto laini cha kuweka kwapani. Udi, ingawa ndio fahari yetu watu wa pwani, aungoje: wanywao dawa za saratani mara nyingi huchafukwa moyo kwa harufu kali. Wala asione haya kupeleka fedha. Ujira wa mchota maji wamfaa kuliko kanga mpya, kwani ndoo haimsubiri apone.